Kabla Fundi Hajashika Mkasi: Gauni la Harusi, Kutoka Kisutu Hadi Kibiti

Idi ikishapita tu, Kibiti hakukaliki! Kila Ijumaa nikahi, kila Jumamosi ngoma, na kila basi linaloteremka kutoka Mbagala lina angalau mtu mmoja aliyekumbatia mfuko mrefu wa nailoni kama amebeba mtoto mgonjwa. Ndani ya mfuko ule mna gauni jeupe. Limekodiwa Kariakoo, au limechaguliwa kwenye mitumba, au limeazimwa kwa binamu aliyeolewa mwaka juzi, au limetumwa na dada aliyeko Uingereza. Mimi bado sijaona hata moja lililomkaa bibi harusi sawasawa mara ya kwanza. Likimbana kifuani, litampwaya mabegani. Likimtosha kiunoni, pindo litafagia vumbi lote kutoka mlangoni hadi kwenye gari.

Ndugu msomaji, najua hapo mezani una kadi mbili tatu za michango zinakusubiri, na pengine moja ni yako mwenyewe. Basi leo tuzungumze habari ya kurekebisha gauni. Lakini nataka tuanzie mbali kidogo, maana kuna swali limenikaa kichwani muda mrefu: hivi bibi zetu wa delta, wa Salale, Mbwera na Nyamisati, walirekebishiwa wapi nguo zao za harusi?

Jibu ni kwamba hawakurekebishiwa popote. Nguo yao haikuwa na saizi.

Nguo ya bibi harusi katika sehemu nyingi za pwani yetu ilikuwa kisutu. (Siyo ile Kisutu ya mahakamani, jamani! Ingawa ndoa nyingine huishia hukohuko.) Kisutu ni kanga ya rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mpaka leo ukiingia duka la kanga ukaitaja, muuzaji wa makamo atakuuliza nani anaolewa. Kanga hupimwa kwa doti, na doti yenyewe ni kipimo cha zamani cha biashara ya nguo: mikono minne ilikuwa upande mmoja, mikono minane doti. Mkono maana yake ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Angalia jambo hilo vizuri. Nguo ilipimwa kwa mkono wa muuzaji wala si kwa kiuno cha mvaaji. Mwanamke mwembamba alijizungushia mara mbili, mnene mara moja na nusu, mjamzito akafunga juu ya tumbo, mambo yakaisha.

Halafu kuna hili ambalo wengi hatulijui. Kanga yenyewe ilizaliwa kwa kurekebisha nguo! Masimulizi ya pwani yanasema kwamba katika karne ya 19 kulikuwa na vitambaa vidogo vya mraba, leso, neno lililotoka kwa Wareno. Viliuzwa vikiwa bado havijakatwa, vimeungana kwenye jora. Wanawake wakaona: kwa nini nifunge kichwani tu kitu kizuri namna hii? Wakanunua vipande sita, wakavipanga vitatu juu na vitatu chini, wakaviunga kwa sindano. Ikapatikana nguo moja kubwa ambayo haikuwapo dukani. Wafanyabiashara walipoona soko limeshajitengeneza lenyewe, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima nzima. Huko Mombasa watu wanaitaja familia ya Kaderdina Hajee Essak, wale wa alama ya "Mali ya Abdulla", waliofungua duka mwaka 1887. Kwa hiyo mwenye kukuambia kwamba kurekebisha nguo ni ishara ya umaskini, mwambie kanga ni nini.

Kabla ya kanga kulikuwa na merikani na kaniki. Merikani, kama jina linavyosema, ilitoka Marekani, hasa kwa wafanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts, ambao nchi yao ilifunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833 na kufungua ubalozi wake mdogo Zanzibar mwaka 1837. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vikaikata biashara hiyo, nguo za Bombay zikachukua nafasi. Kaniki ilikuwa nguo nyeusi yenye weusi wa nili, na kwa muda mrefu ilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Ndiyo maana utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliitupa kaniki wakakimbilia kanga. Kuvaa rangi kulikuwa tamko.

Na huku Rufiji? Delta haikuwa kisiwa kilichosahauliwa. Watu wakisikia delta wanakumbuka manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko na kuangamizwa Julai 1915, basi, kana kwamba kabla na baada ya hapo palikuwa na mamba watupu. Boriti za mikoko ya Rufiji zilijenga nyumba za Arabuni na Ghuba, na majahazi yaliyozifuata hayakuja matupu. Nguo zilishuka. Kisha likaja lile la pamba. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa pwani na kusini kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, kwa ujira wa kuchekesha kama si wa kuliza. Mwaka 1905 wananchi wa Matumbi wakaing'oa, na maji ya Kinjeketile wa Ngarambe, hapahapa Rufiji, yakawa yameshasambaa. Pamba iliyotoka kwenye jasho la watu hawa ilikwenda Ulaya kutengenezewa nguo. Kila ninapoona gauni la pamba likishuka kwenye bando la mitumba, wazo hilo hunipitia.

Haya, turudi kwa bibi harusi. Jambo la maana kuliko yote katika historia hii ni lile la mwali.

Pwani yote hii, kwa Wazaramo na majirani zao Wandengereko na Warufiji, msichana aliwekwa ndani. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu juu ya desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Mwali hakuchomwa na jua, hakutumwa kazi nzito, alifundwa na kungwi wake, na alikula. Siku ya kutolewa nje watu walitaka kuona mwali aliyenawiri, shavu limejaa, mkono umejaa. Kunenepa kulikuwa sehemu ya pambo. Familia ilijivunia kwamba binti yao ametoka mkubwa kuliko alivyoingia. Na kanga, kwa kuwa haina saizi, ilimpokea vilevile.

Sasa chukua desturi hiyo, mvalishe gauni la kushonwa lenye zipu mgongoni. Unaona tatizo lilipo? Desturi inasema nenepa, gauni linasema nyauka. Binti wa leo hakai ndani miezi, lakini wiki zile za mwisho za singo na hina bado shangazi zake wanamlisha, huku rafiki zake wa kicheni pati wanamwambia asiguse wali mpaka Jumamosi. Vita hivyo vyote vinapiganwa juu ya mwili wake, wakati chanzo ni nguo iliyokatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine ni nani? Kwa weupe wa gauni, mlaumu Malkia Victoria. Kabla yake hata mabibi harusi wa Ulaya waliolewa kwa rangi yoyote, mradi gauni ni zuri. Tarehe 10 Februari 1840 yeye akavaa jeupe, hariri ya Spitalfields na lesi ya Honiton, akitaka kuwapa kazi wafumaji wa nchini kwake. Picha zilipoenea, matajiri wakaiga, na polepole dunia ikafuata. Kitu ambacho magazeti ya harusi hayasemi ni kwamba lesi ile Victoria aliihamisha kutoka nguo moja hadi nyingine miaka na miaka, na alipofariki mwaka 1901 alizikwa na shela yake ya harusi. Malkia wa dola lile lote, na bado alibandua na kubandika!

Huku kwetu gauni la kushonwa lilikuja kwa njia kadhaa. Misheni zilikuwa moja: kwenye shule ya wasichana ya Mbweni, Zanzibar, iliyoanzishwa na Waanglikana kwa mabinti waliokombolewa utumwani, kushona kulikuwa sehemu ya masomo. Mafundi na wenye maduka wa Kihindi walikuwa njia nyingine. Na cherehani, ambayo Singer aliipatia hataza mwaka 1851 na kampuni yake ikaiuza kwa malipo ya kidogokidogo, ilifika mpaka kwenye vibaraza vya vijiji. Baadaye zikaja za Kichina, zile za kipepeo, Butterfly, ambazo bado zinakanyagwa Kibiti kila siku. Lakini kazi ya kwanza ya fundi wa kibarazani ilikuwa, na bado ni, kupinda kanga. Unanunua doti, anaikata katikati, anapinda kingo, umemaliza. Ufundi wa kukunja gauni la satini lenye bitana na shanga ni elimu nyingine kabisa.

Kisha kikaja kipindi cha ukata. Wazazi wetu wanakisimulia kwa sauti ya chini. Nchi ilikuwa na viwanda vyake, Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, lakini baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 bidhaa zikaadimika, na kuipata kanga moja ilikuwa ni foleni na kujuana. Harusi za wakati ule zilifungwa kwa nguo za kuazimana. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mwaka uliofuata akaingia Mzee Ruksa, na mitumba ikamwagika. Watu wakaiita "kafa Ulaya", yaani mwenyewe kafa, nguo imekuja. Ndani ya marobota yale, katikati ya majaketi ya baridi, mlikuwa na magauni ya harusi. Ndipo neno "shela", ambalo kwa asili ni kile kitambaa cha kufunika kichwa, likaanza kumaanisha gauni zima.

Basi hilo ndilo gauni lako, dada. Sasa tuingie ndani yake.

Mwaka mmoja nilimsindikiza binamu yangu kwa fundi, Kibiti, siku tatu kabla ya harusi. Gauni lilikodiwa kwenye duka moja mjini ambako walimhakikishia kwamba "litakutosha tu". Zipu iligoma, pengo la vidole vinne. Mama mkubwa keshaanza kutangaza kwamba mtoto asile tena. Fundi, mama mtu mzima mwenye futi kamba shingoni, hakumtazama hata bibi harusi. Alilichukua gauni akaligeuza ndani nje. "Mwanangu," alisema, "gauni halisomwi usoni, linasomwa tumboni."

Alichokuwa akitafuta ni kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. Hiki ndicho kitu cha kwanza cha kujua. Kupunguza gauni siku zote ni rahisi kuliko kuliongeza, kwa sababu kupunguza unakunja kilichopo, na kuongeza unahitaji ambacho pengine hakipo. Magauni yaliyoshonwa vizuri huachiwa akiba pembeni, wakati mwingine sentimita mbili au zaidi kila upande. Yaliyoshonwa kwa haraka viwandani hukatwa hadi kwenye ovaloki, hayana kitu. Na gauni la kukodi huwa limeshapita kwa mafundi kadhaa kabla yako. Mmoja akipunguza na kukata ile ziada, wote wanaofuata wameumia. Kwa hiyo mwambie fundi wako hivi: kunja, usikate. Kama ni la kukodi, uliza dukani kabla ya kulipa kama mkasi unaruhusiwa, la sivyo mwisho wako ni kupiga bandi tu, mshono wa muda unaofumuliwa baada ya sherehe.

La pili ni satini. Satini haisahau. Ukifumua mshono wake ili kuuachia, mstari wa matundu ya sindano unabaki unaonekana kama kovu, na pasi haiuondoi. Pale kwa binamu yangu akiba ilikuwepo kidogo, lakini fundi alikataa kuigusa kwa sababu hiyohiyo. Alifumua zipu kwa wembe, taratibu, akashona vitanzi pande mbili za mgongo, akapitisha kamba, na nyuma ya kamba akaweka kipande cha satini ili mwili usionekane. Kamba ina uungwana ambao zipu haina: Ijumaa ukila pilau, Jumamosi unailegeza. Angalau kwa hilo gauni lilianza kufanana na kanga. Baada ya harusi alirudisha zipu mahali pake na duka halikulalamika.

Urefu nao una hesabu zake. Usiende kupimwa pindo ukiwa na kandambili. Nenda na viatu utakavyovaa siku ile, na nguo za ndani za siku ile, maana zote zinabadilisha mahali gauni linapokaa. Kama pindo lina lesi au shanga, fundi hawezi kukata chini tu, ama abandue lesi yote na kuirudisha juu, ama apandishe sketi kutokea kiunoni. Kazi hizo mbili zina muda wake na bei yake. Kuhusu namba za saizi, zisikutie presha. Saizi 12 ya Uingereza ni sawa na 8 ya Marekani, na magauni ya harusi kwa kawaida huandikwa namba kubwa kuliko nguo za kila siku za mtu yuleyule. Pima kwa futi kamba, kifua, kiunoni, nyonga, achana na lebo. Ah, na pasi! Neti ya nailoni ikikutana na pasi ya mkaa iliyokolea inayeyuka mbele ya macho yako. Ijaribuni kwanza kwenye kipande cha ndani kisichoonekana.

Kwa gauni lako mwenyewe, kipimo cha kwanza kifanyike kama miezi miwili kabla, na cha mwisho wiki moja kabla, wakati shangazi wameshamaliza kukulisha. Sababu ya kipimo hicho cha mwisho ni mwali yule wa zamani. Mwili wa bibi harusi unabadilika katika wiki zile, kwa chakula au kwa wasiwasi, na kuupima mapema halafu kutoupima tena ni kumvalisha mtu aliyekuwepo mwezi uliopita.

Anayeolewa ndani ya delta ana mtihani wa ziada ambao msomaji wa Sinza hauwazi. Usafiri ni mtumbwi au boti, na boti inafuata maji. Maji yakipwa, mnasubiri kwenye tope mpaka yajae, fundi Kibiti afunge au asifunge. Kwa hiyo anayetoka Kiomboni au Mfisini hawezi kusema "nitapita jioni". Anatakiwa apange safari mbili za uhakika kwa bamvua na maji mafu, na gauni lisafiri limefungwa mifuko miwili, wa ndani wa kitambaa, wa nje wa nailoni. Maji ya chumvi yakiingia kwenye satini yanaacha ramani. Likifika nyumbani, litolewe nailoni siku hiyohiyo, maana unyevu wa delta na weupe havipatani.

Nimewasikia mabinti wengi wakilia aibu kwamba gauni lao "limevaliwa na watu". Tarehe 17 Julai 2020, kule Windsor, Princess Beatrice aliolewa kwa gauni la bibi yake, Malkia Elizabeth, lililoshonwa na Norman Hartnell na ambalo bibi alishalivaa hadharani miaka ya 1960. Halikumtosha lilivyokuwa. Mafundi wakaligusa hapa na pale, wakaongeza mikono ya kitambaa chepesi kwa kuwa halikuwa nayo. Hakuna aliyeandika kwamba amevaa kafa Ulaya, ingawa kwa maana halisi lilikuwa la Ulaya na mwenyewe alikuwa hai!

Binamu yangu alivaa kisutu asubuhi, kwenye mambo ya ndani na kungwi wake, na gauni la kamba jioni. Alikula kote kuwili. Fundi alimrudishia ule uzi wa kamba na kile kipande cha satini cha mgongoni vikiwa kwenye bahasha, kwa sababu ni mali yake na si ya duka, na mdogo wake naye alikuwa na posa. Nawe ukimaliza, mwombe fundi vipande vyote vilivyotoka kwenye gauni lako, lesi, shanga, hata kile kitambaa cha pindo. Wapo wanaouza.